Kampasi na mitaa ya Kigoma: ruti ya daladala, basi la chuo au bajaji?

Mkazi wa Gungu
TIA, yaani Taasisi ya Uhasibu Tanzania, ina wanafunzi wake hapa mjini, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, inaletewa kampasi Kigoma kupitia HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu. Naomba tulinganishe njia tatu za kuziunganisha kampasi hizi na Mwanga, Gungu na Ujiji: ruti mpya ya daladala, basi la chuo, au vituo rasmi vya bajaji. Mimi naelekea kwenye basi la chuo, kwa kuwa linafuata ratiba ya vipindi.

Mama Katubuka
Basi la chuo halimhusu mchuuzi wa dagaa anayewahi soko la Mwanga, ingawa anapita barabara ileile. Isitoshe, wanafunzi wa afya watahitaji kufika Hospitali ya Maweni kwa zamu za usiku, saa ambazo basi la chuo kwa kawaida limekwisha kuegeshwa.

Dereva Mstaafu
Tatizo la ruti za vyuoni ni likizo. Dereva anadaiwa hesabu, yaani fedha ya siku, na tajiri mwenye gari kila jioni, wanafunzi wawepo wasiwepo. Kwa hiyo chuo kikifungwa, gari linahamia penye abiria, na wakazi waliokwisha kulizoea wanaachwa kituoni. Dawa yake ni kuifanya kampasi kuwa kituo cha katikati, si mwisho wa ruti. Pale Mlimani, kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daladala hupita ndani ya eneo la chuo zikielekea Mwenge au Ubungo, na gari halirudi tupu, maana kila upande una abiria wake. Kwetu LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ingetoa leseni ya ruti inayoanzia Ujiji, ipite Mwanga, iingie kampasi, kisha iishie mjini karibu na stesheni ya reli. Wenye magari watanung'unika mwanzoni, ndivyo tulivyo.

Mkazi wa Gungu
Hoja ya likizo sikuwa nimeipima. Kwa hiyo basi la chuo libaki kwa zamu za Maweni tu. Bajaji je?

Fundi Barabara
Bajaji inafaa kwa kipande cha kutoka barabara kuu hadi mitaa ya mlimani, ambako daladala ya Hiace haipandi. Ila masika yakianza, njia za udongo hukatwa na makorongo na nauli hupanda siku hiyohiyo. Kabla ya kugawa vituo, TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, ianze na mifereji.