Mbegu za kornflawa: kusia kwenye trei au kupanda palepale kwenye kitanda cha bustani?

Mpenda_Buluu
Wakuu habari zenu. Nina mbegu za kornflawa, lile ua la buluu ambalo kitaalamu huitwa Centaurea cyanus. Kitanda nilichotenga kinapigwa na jua kutwa nzima na udongo wake una kichanga. Nataka maua ya kukata niweke ndani, na nyuki nao wapate chao. Ushauri ninaousoma unagongana: huyu anasema sia kwenye trei kisha upandikize, yule anasema panda palepale. Nifuate upi? Na msimu gani?

Kitalu_Kwetu
Panda palepale, sina shaka hata kidogo. Mmea huu hushusha mzizi mkuu mapema mno, mche ukiwa bado na majani machache. Ukiugusa mzizi huo wakati wa kupandikiza, mche unaweza kupona, lakini utadumaa na kutoa maua haraka ukiwa mfupi. Ule uliootea mahali pake unasimama imara na kuchanua matawi.

Chora mifereji ya sentimita 1 hadi 1.5, weka mbegu, fukia kabisa. Usiziache juu, kwa sababu zinaota vizuri zaidi gizani. Ukipanda kwa mistari utaitambua miche haraka katikati ya magugu: majani membamba, ya kijani kilichochanganyika na kijivu. Udongo ukiwa na nyuzi joto 15 hadi 20 hivi, tegemea kuona kitu ndani ya wiki moja au mbili.

Trei_na_Mboji
Mkuu Kitalu_Kwetu, la mzizi nakubaliana nawe, ila trei usiitupe. Mahali penye konokono wengi, miche michanga inaliwa usiku mmoja tu ikaisha. Siri iko kwenye chombo: trei yenye vitundu virefu, mbegu mbili kila kitundu, kisha unabakiza mche wenye nguvu kwa kuukata mwenzake na mkasi, si kuung'oa. Hamisha mapema, mzizi ukiwa haujaanza kuzunguka chini, na uhamishe na bonge lake zima la udongo. Trei bapa zisizo na vitundu ndizo mbaya, maana mizizi inashikana na huwezi kuitenganisha bila kuikata.

Kitalu_Kwetu
Hapo sawa. Kwa konokono nakubali. Kwa mwenye kitanda kisafi bado nasema ni kazi ya bure.

Jua_la_Asubuhi
Naona mnabishania chombo, wakati msimu ndio unaoamua ukubwa wa mmea. Kornflawa ni mmea wa hali ya ubaridi. Ukipandwa kabla ya majira ya baridi, hukaa chini kama kishada cha majani, unajenga mizizi, na hata jalidi ya kawaida (barafu nyembamba ya usiku wa baridi) unaivumilia. Joto likirudi unapanda juu kwa kasi, unachanua mapema na unakuwa mkubwa kuliko uliopandwa baada ya baridi. Huo wa pili nao huchanua, kama wiki 10 hadi 12 tangu kupandwa, lakini joto kali likiukuta mdogo unachoka upesi.

Kwa hiyo anayeishi penye baridi kali sana apande baridi ikipungua tu, asingoje joto. Anayeishi penye joto apande miezi ya ubaridi inapoanza. Na usimalize pakiti siku moja: panda kidogo, rudia baada ya wiki mbili au tatu, maua yatapokezana.

Mpenda_Buluu
Asanteni sana. Nilikuwa nimeandaa samadi ya kutosha. Niweke yote?

Kitalu_Kwetu
Hapana! Weka hiyo samadi kwenye mboga. Asili yake kornflawa ilikuwa ikiota yenyewe katikati ya ngano huko Ulaya. Haihitaji udongo wenye rutuba nyingi. Nitrojeni ikizidi utapata majani tele na shina laini linalolala mvua ikinyesha. Kinachotakiwa ni udongo usiotuamisha maji.

Nyuki_Rafiki
Miche ikifika kimo cha kidole, ipunguze ibaki sentimita 20 hadi 30 kati ya mmoja na mwingine. Najua inauma kung'oa miche mizima, lakini ikisongamana hewa haipiti na ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, unaingia. Aina ndefu kama ‘Blue Boy’ hufika karibu sentimita 90, kwa hiyo zisimikie vijiti na kamba mapema. Kama hutaki vijiti, tafuta aina fupi za sentimita 30 au 40, ingawa kwa maua ya kukata vikonyo vyake ni vifupi.

Kata ua linapoanza kufunguka, asubuhi. Yaliyonyauka yaondoe pia, maana mmea ukishakomaza mbegu unapunguza kuchanua. Mwishoni mwa msimu acha vichwa vichache vikauke palepale: nyuki watakuwa wameshafaidi, na mbegu zitakazodondoka zitaota zenyewe.

Mpenda_Buluu
Basi napanda palepale kwa mistari, nusu ya pakiti sasa hivi wakati ubaridi ndio unaanza. Chache nitazisia kwenye vitundu virefu, za kuziba mapengo konokono wakipita. Trei_na_Mboji, hizo za vitundu nizifunike mpaka zichipue?

Trei_na_Mboji
Zifukie kwa udongo tu, inatosha. Ziweke penye mwanga mara zinapochomoza, usizikalishe ndani zikarefuka.