Naomba ushauri: nimemaliza White Cat, nisome nini sasa?

Wapenzi wa riwaya, habari zenu. Nimemaliza White Cat ya Holly Black (2010), riwaya ya vijana inayotokea New Jersey, Marekani, na bado imenikaa kichwani. Humo uchawi ni marufuku kisheria, hivyo wenye kipaji hicho wengi wameangukia mikononi mwa familia za kihalifu. Mtu hurogwa kwa kuguswa na mkono mtupu, ndiyo maana watu wote wanavaa glavu. Na mrogaji naye hulipa: anayeua kwa mguso hupoteza kipande cha mwili wake mwenyewe, kama vidole vya babu wa Cassel, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu. Hapo ndipo nilipokolea. Uchawi wenye gharama unanoga kuliko wa kupunga fimbo tu.

Nimejaribu fantasia nyingine nikaziacha njiani, ni wafalme na mazimwi watupu. Madukani huku sijazipata Red Glove na Black Heart zinazofuata.

Mliosoma zote tatu, utamu unaendelea au niishie hapa? Na je, kuna riwaya ya Kiswahili inayochanganya uchawi na magenge namna hii, ambayo hata mpwa wangu wa kidato cha pili anaweza kuisoma?

Natanguliza shukrani.