Twaambiwa tuuze shamba, Baba akatiwe seli shina. Mwasemaje?

Mwana wa Kisauni: Assalamu aleikum. Baba alipigwa na kiharusi mwaka jana, upande wa kulia ukalala. Mguu umerudi kiasi, atembea na mkongojo, lakini mkono bado. Sasa binamu ametuletea habari za kliniki ya ng'ambo, wadunga seli shina, chembe changa za mwili ziwezazo kugeuka chembe za aina nyingine. Wao wenyewe waita "majaribio". Bei yake yakaribia thamani ya shamba letu la Kilifi, na binamu huyo huyo keshapata mnunuzi. Mama amekubali. Mimi silali.

Bi Mkubwa wa Tudor: Pole mwanangu. Majaribio gani tena mgonjwa ndiye alipishwa?

Fizio Pwani: Hapo Bi Mkubwa kasema. Katika utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, watu 18 wenye kiharusi walitobolewa fuvu wakatiwa ubongoni seli zilizotokana na uboho wa mifupa. Matokeo yalipotoka 2016 wengine walikuwa wanainua mikono, dunia ikashangilia. Kisha zikajaribiwa seli zizo hizo kwa watu 163, baadhi yao wakifanyiwa upasuaji wa kuigiza bila kutiwa kitu. Mwaka 2019 majibu yakaja: waliotiwa seli hawakuwapita wenzao kwa kiwango kilichotarajiwa. Utafiti waendelea, lakini dawa ya kiharusi ya kuuziwa haijawa.

Mvuvi Likoni: Mwakatisha watu tamaa bure. Shemeji yangu alidungwa India, leo ashika kikombe.

Fizio Pwani: Na mazoezi je, alifanya?

Mvuvi Likoni: Kila siku, asubuhi na jioni. Walimsimamia huko huko.

Fizio Pwani: Haya.

Msomaji wa Usiku: Kuna Mmarekani alizunguka China, Argentina na Mexico akidungwa uti wa mgongo baada ya kiharusi. Akaotwa na uvimbe humo humo, na seli za uvimbe huo zilipopimwa zikawa za mtu mwingine! Kisa chake kilichapishwa 2016 katika jarida la utabibu, New England Journal of Medicine.

Mwana wa Kisauni: Nimewaandikia kliniki: utafiti umesajiliwa wapi, kamati gani ya maadili imeupitisha, na seli ni za nani. Wamenitumia picha ya hoteli na bei ya punguzo, mwisho Ijumaa. Nimemwonyesha Mama, akanyamaza. Mnunuzi apiga simu, sishiki.

Bi Mkubwa wa Tudor: Na presha ya mzee mwapima?

Mwana wa Kisauni: Vidonge vilikwisha juma lililopita. Twaweka pesa za safari.

Bi Mkubwa wa Tudor: Toka sasa hivi ukanunue.