Miongozo ya wanaoanza kuzalisha mbwa mwitu mtandaoni imegeuka matangazo ya biashara

Wakuu heshima yenu. Leo sina salamu ndefu, nimechefuka.

Kuna hawa wakongwe wa mchezo wetu wa kuzalisha mbwa mwitu, mnawajua, wale ambao mapango yao yamefurika na kila wiki wanamwaga "vidokezo kwa wanaoanza". Nimevisoma karibu vyote. Vyote vinaishia palepale: nunua jike wa rangi adimu, lipia dume la mbegu la bei mbaya, subiri watoto. Jike anauzwa na nani? Na mwandishi. Dume ni la nani? La swahiba wake. Sasa huo ni mwongozo au ni tangazo?

Mgeni akifungua akaunti anapewa visarafu vya kuanzia. Akisoma ushauri huo anavimaliza vyote kwa jike mmoja. Kesho yake kundi halina nyama, pango halina nafasi ya watoto, jike kanuna, watoto wanazaliwa wanakufa njaa. Akilalamika anaambiwa "vumilia mkuu, ndiyo mchezo". Avumilie nini wakati hamkumwambia kwamba kitu cha kwanza ni wawindaji wazima wanne watano, wale wa kijivu wasio na alama yoyote, wanaouzwa sokoni kwa bei ya kutupa? Rangi haiwindi! Mbwa mwitu mchakavu mwenye nguvu na uzoefu anarudi na windo lilelile analorudi nalo yule wa sarafu elfu kadhaa. Lisha kundi kwanza, panua pango, ndipo ufikirie uzazi. Hili hamliandiki kwa sababu wa kijivu hawana faida kwenu.

Ila kinachoniudhi kuliko vyote ni hizi asilimia. Mnaandika "kuna nafasi ya asilimia 1 ya kupata badiliko adimu, zalisha watoto 100 utalipata". Nani kawaambia? Kila mtoto anachezewa kete yake peke yake. Asilimia 1 kwa watoto 100 maana yake ni kwamba kati ya wachezaji 100 watakaofanya hivyo, kama 37 watatoka mikono mitupu. Ukitaka kufikia uhakika wa asilimia 95, andaa watoto wapatao 300. Hesabu ya sekondari hiyo, nafasi ya kukosa kwa mtoto mmoja ni 0.99, unaizidisha kwa yenyewe kwa idadi ya watoto. Mtu aliyeambiwa 100 akifika 150 bila kitu anaona kaibiwa, anahamaki, anakwenda kununua aliyekwisha kuzaliwa. Kwa nani? Mnajua.

Halafu kuna hili la "mweusi damu safi", yaani mweusi asiyebeba kijivu ndani yake, anayetoa watoto weusi tu. Hapa wageni wanapigwa mchana kweupe. Mchezo umekopa urithi wa rangi kutoka kwa mbwa mwitu wa kweli, basi tuwaangalie hao wa kweli. Pale hifadhi ya Yellowstone, Marekani, waliletwa mbwa mwitu 31 kutoka Kanada mwaka 1995 na 1996, na weusi wamekuwa wengi tangu hapo. Jeni ya weusi ni tawala, nakala moja tu inatosha kumfanya mnyama awe mweusi. Utafiti uliotoka 2009 ulionyesha kwamba jeni yenyewe iliingia kwao kutoka kwa mbwa wa kufugwa zamani, yaani "usafi" mnaouza asili yake ni koko wa mtu. Na wenye nakala mbili huwa wachache sana kwa sababu wengi hawadumu, kwa hiyo mweusi unayemwona mbugani karibu kila mara amebeba na kijivu ndani.

Tafsiri yake kwa mchezaji ni hii. Weusi wawili wenye kijivu kilichojificha, kila mtoto wao ana robo ya nafasi ya kutoka wa kijivu. Lakini robo haina maana kwamba katika watoto wanne lazima mmoja awe wa kijivu. Uzao wa watoto wanne hutoka mweusi mtupu karibu mara moja katika kila tatu. Basi muuzaji anapiga picha ya uzao huo mmoja, anaandika "safi kabisa, watoto wote weusi", bei inapaa. Uzao mmoja hauthibitishi kitu. Mgeni, ukiambiwa dume ni safi, dai kuona kadi ya ukoo, babu na bibi pande zote mbili, na watoto wa mizao mingi. Akianza kuzunguka maneno, funga mazungumzo.

Kuhusu kuzalisha ndugu kwa ndugu, mmetisha watu mpaka basi. Ndiyo, kwa wanyama hai ni balaa. Kisiwa cha Isle Royale kule Ziwa Superior, Marekani, mbwa mwitu walikuwa wachache na kundi lilijifungia lenyewe kwa miaka mingi, migongo ikawa na kasoro za mifupa, mwisho wakabaki wawili, baba na binti yake ambao pia wamezaliwa na mama mmoja. Ilibidi waletwe wengine kuanzia 2018. Lakini mchezo wetu hauwapi watoto ugonjwa wowote kwa ajili hiyo. Adhabu yake iko sokoni, wanunuzi wanaona jina moja limejirudia kwenye ukoo wanaruka. Waambieni hivyo tu, na muwaambie waandike ukoo kwenye daftari tangu uzao wa kwanza, maana ukishafika kizazi cha nne kichwa hakikumbuki.

Na tafadhali acheni hizi ngonjera za "dume alfa ndiye roho ya kundi", kwamba kuna mbabe anayewatawala wenzake kwa nguvu. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu aliyeisambaza hoja hiyo kwa kitabu chake cha 1970, ameikana mwenyewe miaka mingi iliyopita. Kundi porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Ninyi bado mnauza "alfa" kwa bei ya juu.

Kingine kidogo lakini kinauma mfuko: saa. Seva iko kwa saa za mashariki ya Marekani, siku mpya inaanza saa 1 asubuhi yetu wakati wa kiangazi chao na saa 2 wakati wa baridi. Nguvu za kuwinda hujaa upya muda huo, na joto la jike nalo huhesabiwa kwa siku hizo. Mgeni anakesha saa 6 usiku anachoma bando akingoja siku igeuke! Sentensi moja tu ingemwokoa, na hakuna mwongozo hata mmoja wa Kiswahili niliouona unaoitaja.

Ombi langu kwa wasimamizi: kila anayeandika mwongozo aweke juu kabisa orodha ya anachouza wiki hiyo, na kila asilimia anayoitaja iambatane na picha ya ukurasa wa mchezo alikoitoa.

Na wewe uliyenifuata inbox jana kusema nina wivu: weka hapa ukoo wa lile dume lako jeusi, vizazi vitatu, na mizao yake yote siyo ule mmoja. Nipo nasubiri.