Mke kanikimbia kwa sababu ya kikohozi, na hadithi inasema hakuna kuambukiza. Naombeni ushauri

Mchenjuaji
Assalaam alaykum wakuu, na wasio Waislamu habari zenu. Niko Makongolosi, Chunya, nafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Wiki ya pili sasa mke wangu kachukua mtoto kaenda kwao Makambako. Sababu ni moja tu, nakohoa, eti mtoto ataambukizwa. Nimemsomea hadithi iliyomo kwenye Bukhari na Muslim, "laa adwaa", hakuna kuambukiza. Kanijibu, "Kaisome vizuri." Je, mke wa namna hii si mpungufu wa tawakkul, yaani kumtegemea Allah? Nimrudishe vipi bila ugomvi? Silali.

Mama Ndizi
Pole baba. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa na mimi nilikimbilia kwetu Tukuyu, mawifi walinishinda. Baba alinilaza usiku mmoja, asubuhi akanipandisha gari na mkungu wa ndizi nimpelekee mama mkwe. Leo mwaka wa 22. Mfuate mwenyewe, usitume ujumbe wa simu. Beba kitenge.

Kijana wa Soweto
Hilo vumbi la karasha mkuu. Maziwa asubuhi na jioni.

Ustadh wa Ipogolo
Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, mkeo kasema kweli, umesoma nusu. Katika mapokezi ya Abu Hurayra yaliyomo kwa Bukhari, maneno ni hayohayo: hakuna kuambukiza, wala mkosi wa ndege, wala bundi, wala mwezi wa Safar; kisha papo hapo, "na mkimbie mwenye ukoma kama unavyomkimbia simba." Ni hadithi moja. Kama maana ingekuwa ugonjwa hauhami kabisa, kwa nini akimbiwe? Na Abu Hurayra huyohuyo kapokea kwamba mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Waarabu wa jahilia, kabla ya Uislamu, waliamini ugonjwa una nguvu zake wenyewe, kama walivyoamini bundi akilia mtu anakufa. Hilo ndilo lililokanushwa. Sababu hazikukanushwa.
Na kikohozi chako ni cha muda gani?

Mchenjuaji
Cha kawaida tu ustadh, baridi na vumbi. Lakini bedui alipouliza habari ya ngamia wazima kupata upele baada ya kuchanganyika na mwenye upele, Mtume (SAW) alimjibu, "Ni nani aliyemwambukiza wa kwanza?" Hapo si wazi?

Nesi Mstaafu
Mwanangu, ngamia waache kwanza. Wiki ngapi unakohoa? Usiku unatoka jasho? Suruali imelegea? Umepima makohozi? Na mtoto ana umri gani?

Mchenjuaji
Shikamoo mama. Mtoto ana miezi 8. Ila swali langu ni la hadithi, hospitali sijauliza.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Mtu ambaye hajapima husema hajapima. Wewe umenyamaza.

Mchenjuaji
Haya, niseme. Mwezi wa tatu nilipimwa makohozi nikaambiwa TB. Nikaanza dawa. Baada ya miezi 2 nikawa mzima kabisa, nabeba mawe kama zamani, vidonge vinanitia kichefuchefu, nikaacha. Nikashika habasoda na asali, maana ipo hadithi sahihi kwamba ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti. Kikohozi kimerudi kama wiki 5 hivi. Lakini nauli nimeshamtumia, wajomba zake wamekubali arudi Ijumaa. Sitawageuka wazee. Na kuacha dawa sikuacha kwa uzembe, niliacha kwa imani.

Fundi Cherehani
Wakuu, amkeni. Mke kakimbia, hadithi, halafu taratibu habasoda inaingia mlangoni. Subirini ukurasa wa pili, atakuja "daktari" na namba ya simu, chupa elfu kadhaa. Uzi wa kutunga huu.

Kijana wa Soweto
Hata mimi nimeshtuka. Wa Chunya gani ana muda wa kuandika yote haya na karasha linanguruma?

Mama Ndizi
Mdogo wangu hapa Mwanjelwa aliuziwa dawa za namna hiyo, alimaliza mtaji wa viazi. Kama ni biashara, Mungu anakuona.

Mchenjuaji
Sina cha kuuza. Vidonge vilivyobaki viko kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, mke alivificha huko ili nikitafuta kahawa nivikute. Nimevikuta baada ya yeye kuondoka. Nakaa navyo hapa naviangalia.

Ustadh wa Ipogolo
Akhi, nakujibu kana kwamba niko mbele yako. Hadithi ya habasoda ni sahihi, sina ubishi. Ila wanazuoni kama al-Khattabi waliieleza kuwa tamko ni la jumla, makusudio ni mahususi, maradhi ambayo inayafaa. Na Mtume aliyeisifu ndiye aliyesema, "Jitibuni, enyi waja wa Allah." Swali la bedui lilimrudisha kwa Mwenye kuumba ugonjwa wa kwanza. Halikumwambia achanganye ngamia. Khalifa Umar (RA) alikuwa njiani kwenda Sham, nchi ya Syria, akafika mahali paitwapo Sargh, akaambiwa huko Sham kuna tauni, akarudi na watu wake. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza, unakimbia qadar, makadirio ya Allah? Akajibu, tunakimbia qadar ya Allah kwenda kwenye qadar ya Allah. Basi mkeo kafanya alichofanya Umar, na wewe unamwita mpungufu wa tawakkul.

Nesi Mstaafu
Na mimi nikupe la kwangu. Dawa za TB ni miezi 6. Ile 2 ya mwanzo inaua wadudu wengi, ndiyo maana ukajiona mzima. Waliobaki ndio wanaozoea dawa, inakuwa TB sugu, na hiyo matibabu yake ni mazito zaidi. Usianze kumeza hivyo vya kwenye kopo peke yako. Nenda navyo kliniki, sema kweli siku uliyoacha, wakupime upya. Ni bure. Mtoto wa miezi 8 kifua chake hakihimili, na naye apimwe hukohuko Makambako. Akiwa hana, yupo kwenye umri wa kupewa dawa ya kinga.

Fundi Cherehani
Kama ni kweli, samahani mkuu. Ila Ijumaa je?

Mchenjuaji
Wajomba nitawaambia nini? Nimewasumbua wiki nzima wamwelewe vibaya.

Mama Ndizi
Waambie ulivyotuambia sisi. Kitenge kitasubiri.

Mchenjuaji
Nimempigia. Nimemwambia asipande gari Ijumaa, na ampeleke mtoto akapimwe. Akasema alishampeleka tangu Jumatatu, anasubiri majibu. Kisha akaniuliza kama nimeshakunywa kahawa.