Nina DELF B2. Nifanye DALF C1 au niache kwanza?

Kijana_wa_Kondele: Wadau, habarini. Nasoma Kifaransa na isimu, mwaka wa tatu, hapa Kisumu. Mwaka jana nilipita DELF B2, mtihani wa Kifaransa wa Ufaransa, kwa alama 61 kwa 100, ila kusikiliza niliambulia 9 kwa 25. Sasa natamani DALF C1, ngazi inayofuata. Mama anauza omena na amesema atalipa ada ya mtihani pamoja na nauli ya Nairobi. Lakini kila alfajiri nikimwona akipima gorogoro moja moja, roho inaniuma. Nataka kusoma uzamili Ufaransa, na ikishindikana nihamie Kanada. C1 itanisaidia nini ambacho B2 haiwezi?

Mwalimu_Nakuru: Mdogo wangu, hapo umechanganya safari mbili. Ukiacha jimbo la Quebec, watu wa uhamiaji Kanada hawapokei DELF wala DALF. Wao wanataka mitihani mingine ya Kifaransa, TEF Canada au TCF Canada, na matokeo yake hudumu miaka 2 tu. Ukilipia C1 kwa ajili ya Kanada nje ya Quebec, omena ya mama itakuwa imeenda bure. Kwa Ufaransa, kozi nyingi hukubali B2, na cheti chako hakiishi muda, ni cha maisha. Fungua ukurasa wa kozi unayoitaka usome kiwango wanachodai. Wakiandika C1, basi fanya.

Dada_Mkalimani: Namuunga mkono mwalimu, lakini usiidharau C1. Mimi natafsiri, na bila hiyo karatasi wateja walikuwa wananiuliza maswali mpaka nachoka. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mimi naona Kifaransa kina nafasi zaidi huku kwetu.

Jua tu unachokiendea. Kuandika ni saa mbili u nusu. Unapewa makala, unayaunganisha kuwa muhtasari mmoja wa maneno kama 220, halafu unaandika insha. Mara ya kwanza nilianguka hapo hapo kwenye muhtasari: nilitia maoni yangu, nikaandika "mimi naona", na hairuhusiwi kabisa. Maoni yanangoja insha. Mazungumzo nayo, unapewa saa nzima ujiandae, kisha unakaa mbele ya watahini nusu saa wakikubana. Kupita ni 50 kwa 100, na sehemu yoyote ikishuka chini ya 5 kwa 25 umeanguka. Sasa wewe na 9 ya B2, masikio yako hayajawa tayari. Sikiliza RFI, redio ya Ufaransa, kila siku, kwa miezi, si wiki.

Otis_Bondo: Mimi napinga kungoja. Wenye shahada ya Kifaransa ni wengi, na mwajiri hana muda wa kupima nani anaongea kweli. Cheti kinamwambia. Afanye akiwa bado chuoni, akianza kazi hatapata nafasi ya kusoma.

Mwalimu_Nakuru: Kaka Otis, akianguka atalipa ada yote upya. Nani atalipa?

Kijana_wa_Kondele: Asanteni sana. Nimezipitia kozi tatu ninazozitaka, mbili zinaomba B2, moja C1. Nimemwambia mama aiweke hiyo pesa kwenye biashara, mtihani tutauzungumzia mwakani. Alinyamaza kidogo, akauliza kama nina uhakika. Ombi langu sasa: yuko mtu hapa Kisumu wa kukaa nami Jumamosi tuongee Kifaransa tu, bila Kiswahili wala Kijaluo?

Dada_Mkalimani: Jumamosi saa tisa, Dunga, pale kwenye mashua. Ukichanganya lugha, samaki utalipa wewe.