Matuta ya kujijengea mtaani: yabaki au tuyabomoe?

Wana Mtwara, hili la matuta limeshatugawa, tulizungumze waziwazi.

Barabara ya mtaa wetu ilichongwa, ikamwagwa kifusi, ikashindiliwa. Kisha mkandarasi akaondoka na mitambo yake. Yamebaki makalvati mawili yamelala pembeni, watoto wanachezea humo kibaba na mama. Kwa kuwa sasa njia ni pana na ngumu, bodaboda wanapita kama wako barabara ya Masasi. Vijana wakachangishana mawe na udongo. Kulipokucha, matuta matatu.

Mimi siyaafiki, na mwanangu anavuka hapo kila siku. Jumanne nilikaa kibarazani kwa fundi cherehani nikatazama. Hakuna bodaboda aliyepanda tuta. Wote wanachepukia pembeni, kwenye upenyo wa kama hatua moja kati ya tuta na mtaro, na hapo ndipo wanafunzi wanapopita! Tumewatoa katikati ya barabara tukawaleta kwa watoto. Na mvua zetu zikianza, kuelekea Desemba huko, maji yatatuama nyuma ya kila tuta na kifusi chote kitalainika.

Tudai mtaro na lami kwanza. Mnasemaje?

Mama wa genge: Baba, wewe una subira. Mjukuu wangu kagongwa mwezi uliopita, mguu bado uko kwenye plasta. Lami ikija tutayabomoa wenyewe.

Dereva bajaji: Tuta sawa, ila hayo mmejenga ukuta. Mwenye pikipiki anakwepa, mimi na magurudumu matatu nakwepea wapi? Juzi nimempeleka mjamzito hospitali ya Ligula, kila tuta anashika chuma, "taratibu mwanangu". Usiku ndiyo kabisa, hayana rangi wala kibao.

Jirani wa msikitini: Kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, lakini nani anapima huku uchochoroni? Andikeni barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa iende TARURA. Barabara za mitaa ziko kwao tangu 2017. Nimeona mtu anataka kupeleka TANROADS. Hao ni barabara kuu na za mkoa, mtazungushwa bure.

Mtoa mada: Mama, pole sana, sikuwa na habari za mjukuu. Basi nalegeza. Yabaki mawili, ila tuyashushe mgongo, tuyapake chokaa, na kwenye ule upenyo tupange mawe makubwa yaliyoachana: mtoto apite, maji yapite, pikipiki isipite. Barua naandika mimi. Jumamosi asubuhi naleta toroli na sururu, mwenye koleo aje nalo. Lile la tatu, mbele ya kilabu, bado nasema liondoke. Pale hakuna mtoto anayevuka, kuna walevi wanaolikalia.